Pikapu ya dizeli ya zamani inagonga "ta-ta-ta" ikishapata moto: tapeti, nozeli au konirodi?

GurudumuLaNne (mtoa mada)
Wakuu, heshima mbele. Nina pikapu ya dizeli, silinda 4 za mstari, lita 2.5, pampu ya nozeli (vinyunyizio vya dizeli ndani ya silinda) ni ile ya kizamani isiyo na kompyuta. Mita ya kilomita ilikufa ikiwa imeshapita 400,000, kwa hiyo umri halisi wa injini haujulikani.

Ikiwa ya baridi inawaka vizuri, hakuna kelele nje ya mngurumo wa kawaida wa dizeli. Ikishatembea na mshale wa moto ukafika katikati, nikisimama sailensa (injini inazunguka bila kukanyaga mafuta) naanza kusikia ta-ta-ta-ta. Kavu, nyepesi, ya haraka, kama cherehani. Nikigusa mafuta inaongeza kasi pamoja na injini. Nikiwa na mzigo barabarani siisikii. Nikiachia mafuta kwenye mteremko inarudi kidogo. Taa ya oili haiwaki, haichemshi, haipunguzi maji, nguvu ni ile ile.

Fundi amefungua kava ya tapeti (vinavyosukuma vovu, yaani milango ya hewa na moshi), amepima upenyo wa zote kwa filageji, vile vibamba vyembamba vya kupimia, akasema ziko sawa. Kelele imebaki palepale. Sitaki injini ifunguliwe kwa kubahatisha. Ni nini hiki?

FundiTapeti
Tapeti hizo mkuu. Kelele ya haraka, kavu, inayofuata kasi ya injini, tena inasikika juu, haina jina lingine. Uliza zilipimwa injini ikiwa ya moto au ya baridi. Kuna injini kitabu chake kinataka upime ya baridi, kuna nyingine inataka ya moto, na ukichanganya unapata upenyo usio sahihi kabisa.

Bisibisi
Mtoa mada kaandika tapeti zimepimwa. Tusirudie kilichokwisha kufanyika. Mimi nasema nozeli. Nozeli inayopasua mafuta vibaya au kufungua mapema inagonga kavu vilevile, na watu wengi wanaisingizia vovu.

Kwa pampu ya kizamani kipimo chake ni rahisi. Injini ikiwa sailensa na kelele inasikika, legeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza hadi mafuta yavuje, sikiliza, kaza. Nenda ya pili, ya tatu, ya nne. Ukifika penye ugonjwa, kelele itabadilika.

MamaLori
Bisibisi, hapo ongeza onyo kabla hajatokea mtu mwingine akaiga. Hicho kipimo ni cha pampu ya kizamani TU. Dizeli za kisasa za komoni reli zina presha ya zaidi ya bar 1,000 kwenye bomba, ukilegeza nati unatafuta msiba. Hata kwenye hii ya zamani vaa miwani, funika nati kwa kitambaa, mkono usikae mbele ya mafuta yanayoruka. Mafuta yenye presha yanatoboa ngozi, na jeraha linaonekana dogo kumbe ndani limeharibika. Ukipatwa ni hospitali saa hiyohiyo, usisubiri livimbe.

Bisibisi
Sahihi kabisa dada, asante.

Kapi_Huru
Hakuna aliyeuliza kuhusu alternata? Dizeli nyingi za zamani zina pampu ya vakyumu ya breki iliyofungwa mgongoni mwa alternata. Oili ndogo inayokwenda pale ikipungua au mapezi yake yakilika, inagonga tatata, na inaanza ikipata moto kwa sababu oili imekuwa nyepesi. Vua mkanda, washa injini kwa muda mfupi, sikiliza. Kelele ikiondoka umemaliza. Usiendeshe gari bila huo mkanda, breki zitakuwa ngumu, na kama mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji usiiache ikiunguruma muda mrefu.

FundiTapeti
Kapi_Huru na alternata zake 😂 Kwenye uzi wa gari lililokuwa linavuta kushoto ulisema hivyohivyo.

Kapi_Huru
Na mwenye gari akarudi akasema nini? Soma ule uzi hadi mwisho kaka.

Dereva_Mstaafu
Vijana, hamjauliza swali la kwanza: kelele inasikika wapi? Chukua bisibisi ndefu, ncha uiweke kwenye chuma, mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Anza kava ya tapeti, nenda kwenye kila nozeli, pampu, alternata, ubavu wa bloku, sampu (sinia la oili chini ya injini). Angalia feni na mikanda, nguo isining'inie. Halafu chukua kipande cha mpira wa maji, weka ncha moja sikioni na nyingine ipitishe kando ya manifoldi ya ekzosi. Mpira hausikii chuma, unasikia hewa. Gaskiti ya manifoldi ikivuja inatoa tiki-tiki ambayo imeshawafungulisha watu injini nzima bure.

JichoKali
Mzee umenikumbusha. Ekzosi inayovuja huacha masizi meusi pale inapovujia, tochi tu inatosha kuiona. Ila yake kwa kawaida inagonga ikiwa ya baridi na kupungua chuma kikitanuka. Ya mtoa mada ni kinyume.

Dereva_Mstaafu
Kwa gaskiti ni kweli. Kwa manifoldi iliyopasuka inaweza kuwa kinyume, ufa unafunguka kwa moto. Usiitoe kwenye orodha bila kuikagua.

Mwanafunzi_wa_Injini
Naomba kuuliza, kwa nini isiwe konirodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti kuu ya injini)? Mimi nimesoma kwamba beringi ikilika inagonga zaidi injini ikipata moto kwa sababu oili inakuwa nyepesi. Hiyo ndiyo dalili aliyoitoa.

SautiYaChuma
Swali zuri, na ndilo linalonitisha kuliko mengine yote hapa. Konirodi iliyolika kwa kawaida inatoa mlio mzito, ngo-ngo-ngo, na inasikika zaidi unapokanyaga mafuta hadi mizunguko 2,000 au 2,500 kwa dakika kisha ukaachia ghafla. Mtoa mada anasema yake ni nyepesi na kavu, lakini pia anasema inarudi akiachia mafuta mteremkoni. Hilo la pili sipendi kulipuuza.

Kabla ya kufungua chochote pima presha ya oili kwa geji ya kweli. Taa ya kwenye dashibodi inawaka presha ikishakaribia kuisha, haikuambii habari ya katikati. Fungua swichi ya oili, funga geji ya kimekanika hapo, pima ikiwa ya moto. Kanuni ya kienyeji ya mafundi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, ingawa kitabu cha injini yako ndicho chenye kauli.

Mafuta_Mazito
Weka 20W-50 kaka, kelele itakufa yenyewe. 15W-40 ikipata moto inakuwa nzito hadi 40, lakini injini iliyochoka inataka 50.

SautiYaChuma
Mafuta_Mazito, turekebishane hapo kwa faida ya wasomaji. Hakuna oili ya injini inayokuwa nzito ikipata moto. Zote zinakuwa nyepesi. 15W-40 maana yake ni kwamba ikiwa ya baridi inatembea kwa kipimo cha oili nyepesi ya daraja la 15, na kwenye nyuzi 100 inabaki na uzito wa daraja la 40. Ukiimimina ya nyuzi 100 na ile ya baridi kandokando, utaona ya moto inakimbia zaidi.

Na oili nzito kufunika kelele si tiba. Kama ni beringi, inaendelea kulika huku wewe husikii.

Mafuta_Mazito
Nimekuelewa kwenye hesabu. Ila kwenye injini zilizochoka 20W-50 inasaidia presha, hilo silifuti.

SautiYaChuma
Presha itapanda, sikatai. Lakini sasa hivi tunatafuta ugonjwa, na huwezi kuusikiliza ukiwa umeunyamazisha.

GurudumuLaNne (mtoa mada)
Asanteni wote. Majibu ya niliyoyafanya:

Mkanda niliuvua, kelele ikabaki vilevile. Manifoldi haina masizi, mpira haukusikia hewa. Kwa bisibisi kelele ni kali zaidi katikati ya hedi, usawa wa silinda ya 3, lakini hata ubavuni mwa bloku usawa huohuo inasikika. Klachi nikiikanyaga hakuna mabadiliko. Nati ya bomba la 1, 2 na 4 hakuna tofauti. Ya 3 nilipoilegeza kelele ilipungua sana, LAKINI haikuisha. Kilibaki kitiki kidogo.

Bisibisi
Nozeli namba 3. Nilisema.

FundiTapeti
Usikimbie Bisibisi. Ukilegeza nati umeondoa nozeli, ni kweli, lakini umeondoa pia moto wote wa silinda hiyo. Pistoni haisukumwi tena, konirodi haibebi kitu. Kwa hiyo chochote kinachoguswa na mlipuko wa silinda ya 3 kingepungua kelele: nozeli, pistoni inayopiga ukuta, pini ya pistoni, konirodi. Umejua silinda, hujajua kifaa.

Mwanafunzi_wa_Injini
Kumbe. Na tapeti je, nayo ingepungua?

FundiTapeti
Tapeti haijali kama kuna moto au hakuna, kamshafti (shafti inayofungua vovu) inazunguka tu. Ndiyo maana hicho kitiki kilichobaki nakidai ni changu.

JichoKali
Hapa naleta kitu ambacho simu zetu zinaweza. Chora mstari wa chaki kwenye kapi ya krenki, washa, kisha rekodi video ya polepole ya picha 240 kwa sekunde, ukiwa umesimama mbali na feni. Sailensa ya 800 ni kama mizunguko 13 kwa sekunde, unapata picha kama 18 kwa kila mzunguko. Simu nyingi zinabakiza na sauti. Sasa hesabu: chaki ikizunguka mara moja kwa kipigo kimoja, kelele inatoka kwenye kitu kinachoenda na krenki. Ikizunguka mara mbili kwa kipigo kimoja, ni kasi ya kamshafti, kwa sababu kwenye injini ya mapigo manne kamshafti inazunguka nusu ya krenki.

Kapi_Huru
Hii imenifurahisha. Alternata huzunguka mara mbili hadi tatu ya krenki, kwa hiyo pampu ya vakyumu isingelingana hata kidogo. Naiondoa hoja yangu, mkanda umeshasema.

GurudumuLaNne (mtoa mada)
JichoKali imefanya kazi. Kipigo kimoja kwa kila mizunguko miwili ya chaki. Nimeirudia kwenye video tofauti, jibu ni hilohilo.

FundiTapeti
Kasi ya kamshafti! Vovu, roka (mikono midogo inayokandamiza vovu) au kamshafti yenyewe. Twende tukafungue kava.

Bisibisi
Nozeli nayo inapiga mara moja kwa mizunguko miwili. Pampu ya nozeli inakwenda nusu ya krenki kama kamshafti. Hujanitoa.

MamaLori
Na mimi nawaharibia wote wawili. Pistoni inasukumwa kwa nguvu mara moja tu kwa mizunguko miwili, kwenye pigo la moto. Konirodi au pini yenye nafasi ndogo inaweza kusikika kwenye pigo hilo peke yake, mapigo mengine ikawa kimya. Kwa hiyo video imetoa fuliwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), imetoa alternata, imetoa kapi. Haijatoa konirodi.

Nasema hivi kwa sababu nimeendesha lori lililokuwa na kelele ya namna hii na kila fundi aliita tapeti. Lilipofunguliwa, bushi ya shaba (kibomba) ya pini inayoshika pistoni kwenye konirodi ilikuwa imelika upande mmoja. Sauti ya pini si ngo-ngo. Ni kavu, kali, mara nyingi ya vipigo viwili vilivyokaribiana, na inasikika zaidi sailensa.

Mwanafunzi_wa_Injini
Mtoa mada, kwenye video ukipunguza kasi, ni kipigo kimoja au viwili vilivyobanana?

GurudumuLaNne (mtoa mada)
Kuna wakati ni kimoja, kuna wakati nasikia ta-k, yaani kikubwa na kidogo nyuma yake. Siwezi kuapa, mngurumo wa dizeli unafunika.

Dereva_Mstaafu
FundiTapeti, wewe unadai roka. Fundi alipima akakuta sawa. Eleza sasa, ukitaka tukuamini.

FundiTapeti
Naeleza mzee. Roka ikitumika miaka mingi, ncha yake inayokandamiza vovu inachimbika kidimbwi. Filageji ni bapa. Ukiipitisha inalala juu ya kingo za kidimbwi, inakwambia 0.25, wakati ncha ya vovu imezama ndani na upenyo wa kweli ni zaidi. Ndiyo maana unaambiwa ziko sawa na bado zinagonga. Vua shafti ya roka, geuza, angalia ncha kwa jicho na kwa ukucha.

Kama hutaki kuvua, rekebisha bila filageji: bana skrubu hadi upenyo uishe, kisha irudishe kwa kuhesabu. Skrubu yenye hatua ya mm 1 ukiirudisha robo mzunguko inakupa mm 0.25.

JichoKali
Hapo angalia. Inakupa 0.25 kwenye upande wa skrubu. Kama skrubu iko upande wa pushirodi (fimbo inayosukuma roka) na roka ina uwiano wa 1.5, upande wa vovu unapata karibu 0.38. Upenyo wa kitabu hupimwa upande wa vovu.

FundiTapeti
Kweli kabisa, asante. Kwa hiyo robo ni nyingi, ni kama theluthi mbili za robo. Ila ya kwake sijajua skrubu iko upande gani.

Mafuta_Mazito
Na kwa nini iwe ya moto tu?

FundiTapeti
Tundu dogo linalopeleka oili juu kwenye shafti ya roka likiwa limeziba nusu, ikiwa ya baridi bado kuna oili iliyoshika pale juu. Ikipata moto inateleza yote, roka zinabaki kavu. Washa kava ikiwa wazi uone kama oili inachuruzika kwenye kila roka, hasa za silinda ya 3. Weka kadibodi, itarusha.

SautiYaChuma
Presha ya oili je? Nasubiri hiyo.

GurudumuLaNne (mtoa mada)
Nimepima. Ikiwa ya moto sailensa psi 15, kwenye mizunguko 3,000 psi 42. Oili inafika juu kwenye roka zote, za silinda ya 3 zinapata kama wenzake.

Pia tumebadilishana nozeli ya 3 na ya 1, tukaweka washa mpya za shaba. Kelele imebaki silinda ya 3.

Bisibisi
Basi. Kama ingekuwa nozeli ingehamia ya 1. Ninajitoa kwa heshima. Kimebaki kitu kimoja tu upande wangu: delivari vovu ya pampu inayolisha silinda ya 3, hiyo haijahamishwa. Ikishindwa kukata mafuta vizuri nozeli inadondosha baada ya pigo, na injini inagonga.

Mwanafunzi_wa_Injini
Ingekuwa hivyo si tungeona moshi?

Bisibisi
Mara nyingi ndiyo. Mtoa mada, moshi?

GurudumuLaNne (mtoa mada)
Mweusi kidogo nikikanyaga ghafla na mzigo. Sailensa hauonekani.

SautiYaChuma
Psi 15 na 42 si presha ya injini inayokufa. Nimepumua kidogo. Lakini bushi ya pini ya pistoni inaweza kulika na presha isishuke kwa namna ya kuonekana, kwa hiyo hoja ya MamaLori imesimama.

Fanya hiki: mwaga oili, toa filta, ikate kopo lake kwa msumeno au kikata kopo, kunjua karatasi juani. Pitisha sumaku. Vipande vinavyoshikwa na sumaku ni chuma: kamshafti, tapeti, ringi. Visivyoshikwa, vya kijivu na laini, ni tabaka la juu la beringi. Vya manjano ni shaba, yaani bushi.

Na wengine mnaosoma mkiwa na magari yenu, fanyeni hivi kila mnapobadilisha filta. Ni dakika chache, na filta hiyo mlikuwa mnaitupa.

Rubani_wa_Tope
Samahani kuingilia, yangu inapiga ta-ta-ta ikiwaka tu kisha inanyamaza ndani ya sekunde chache. Niogope?

Dereva_Mstaafu
Hiyo ni tofauti. Angalia filta yako ya oili, yawezekana haina ule mpira wa kuzuia oili isirudi kwenye sampu, injini inakaa kavu hadi oili ipande. Weka filta nzuri kwanza. Ukitaka zaidi fungua uzi wako, huu tuuache kwa mwenyewe.

GurudumuLaNne (mtoa mada)
Filta nimeikata. Sumaku haikushika kitu cha maana. Kwenye mikunjo kuna chembechembe za manjano, chache, nyembamba, zinang'aa juani. Za kijivu sijaona.

MamaLori
Shaba. Bushi ya pini, silinda ya 3. Usiibebeshe mzigo mzito.

FundiTapeti
Dada, roka nyingi zina bushi za shaba pia, pale zinapokaa kwenye shafti. Bushi ya roka ikilika inakupa upenyo usiotulia, inagonga, na inamwaga manjano hayohayo. Na kitiki kilichobaki baada ya kukata mafuta hakijaelezwa na mtu yeyote kwa kutumia pini.

MamaLori
Kinaelezeka. Ukikata moto, pistoni bado inagandamiza hewa, na dizeli ina mgandamizo mkubwa. Mzigo umepungua kwenye pini, haujaisha. Kelele ndogo inabaki.

SautiYaChuma
Na mimi naongeza la tatu ili tusilale: beringi za konirodi nyingi zina tabaka la shaba chini ya lile la kijivu. Ikifika kwenye shaba, ya kijivu ilishamwagwa na filta za zamani. Kwa hiyo kutoona kijivu leo hakunitoshi.

Dereva_Mstaafu
Tufuate urahisi wa kazi. Juu kwanza. Vua shafti ya roka, tikisa kila roka kwa mkono, linganisha za silinda ya 3 na za 1. Kama hakuna kitu, shusha sampu, fungua kofia ya konirodi ya 3, uone beringi, kisha shika konirodi uitikise juu na chini usikie pini. Hedi usiiguse hadi hapo. Kofia usichanganye na za wenzake wala usiigeuze, na beringi ukishaitoa ipigie picha ya mgongo na ya uso, utuletee.

GurudumuLaNne (mtoa mada)
Gaskiti ya sampu na ya kava nimeshazipata. Tunaanza na roka kama mzee alivyosema. Gari limepaki hadi hapo.

FundiTapeti
Ukivua shafti, legeza boliti zake kidogo kidogo kwa zamu kuanzia nje kwenda katikati. Vovu nyingine zitakuwa zimekandamizwa, ukitoa boliti moja yote kwa mkupuo shafti inapinda.